Mnawanyima Jukwaa, Kisha Mnashangaa Hawajui Kusema

Mwezi Machi nilialikwa kwenye mahafali ya kidato cha sita ya shule moja ya wavulana mkoani Singida. Shule hiyo sitaitaja, kwa sababu nitakayoyasema hayaihusu hiyo peke yake, na kwa sababu walimu wake walinipokea kwa heshima ambayo sina haki ya kuilipa kwa fedheha. Nilisoma hapo mwishoni mwa miaka ya 1990. Nilikaa meza kuu kama mhitimu wa zamani, nikapewa maji ya chupa na ratiba iliyochapwa.

Katika ratiba hiyo, kipengele cha tisa kilikuwa igizo la wanafunzi, dakika thelathini. Mgeni rasmi alichelewa kwa saa mbili na nusu. Ilipofika zamu ya igizo, mshereheshaji alitangaza kwamba kwa sababu ya ufinyu wa muda vijana wangepewa dakika kumi. Wakaanza. Hawakucheza jukwaani. Bwalo lile lina jukwaa la saruji ambalo sisi tulicheza juu yake kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Siku hiyo lilikuwa limejaa magunia ya mahindi na maharage yaliyofunikwa turubai, na mbele ya turubai limetundikwa bango lenye picha ya mgeni rasmi. Vijana walicheza chini, sakafuni, hivi kwamba kuanzia safu ya tatu kwenda nyuma wazazi waliona visogo vya wenzao tu.

Igizo lenyewe lilikuwa hivi. Mzee mmoja ana watoto wawili, wa kike na wa kiume. Kijana amechaguliwa kwenda kidato cha tano. Ada imefutwa, lakini nauli, godoro, sare na madaftari havijafutwa, na alizeti ya mwaka huo haikupata bei. Binti amemaliza kidato cha nne na anataka kurudia mtihani. Mzee anapokea ng'ombe wa mahari. Aliyecheza nafasi ya binti alikuwa kijana mrefu, mwembamba, aliyejifunga khanga kiunoni na kitambaa kichwani. Alipotokea tu, bwalo zima likaangua kicheko. Alicheka mgeni rasmi, wakacheka wazazi, nikacheka na mimi. Kijana hakucheka. Alisubiri, kisha akaendelea kwa sauti yake ya kila siku, bila kubana pua wala kuzungusha kiuno. Kicheko kikapungua kidogo kidogo, hata bwalo likatulia kabisa. Ndipo mshereheshaji akaingia na kipaza sauti: "Tuwapigie makofi vijana wetu!" Tukapiga. Muziki ukafunguliwa, na harufu ya pilau ikamaliza kazi iliyobaki.

Jioni, nikiwa naelekea kwenye gari, yule kijana alinifuata. "Shikamoo, mwalimu. Ile sehemu ya mwisho hamkuiona." Nilimwuliza ilikuwa na nini. Akasema kwamba yule kaka anarudi nyumbani likizo, anamkuta dada yake kwa mumewe, na inambidi aseme neno. "Ndiyo tuliyoifanyia mazoezi zaidi, kwa sababu tulikuwa hatujui yule kaka aseme nini. Tulibishana wiki mbili."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiifikiria kauli hiyo. Wavulana wa miaka 18 na 19, katika muhula wao wa mwisho, wametumia wiki mbili kubishana juu ya jambo moja: mwanamume ambaye elimu yake imelipiwa na maisha ya dada yake amwambie nini dada huyo? Sijui somo gani katika mtaala mzima linaloweza kumpeleka kijana kwenye swali hilo. Wao walifika huko wenyewe, baada ya prepu, bila mwalimu wa kuwalea na bila jukwaa. Nasi watu wazima tuliosafiri kuja kuwapongeza tukawakatiza kabla hawajatujibu, ili tuwahi kula.

Hoja yangu leo ni moja. Shule za bweni za wavulana zinapoua maigizo na tafrija za wanafunzi kwa jina la taaluma na maadili, hazilindi taaluma wala maadili. Zinawatoa vijana wanaofaulu mitihani lakini hawajawahi kusimama mbele ya watu kusema jambo lao, na ambao mwanamke wanamjua kama kichekesho au kama kishawishi. Hao ndio tunaowapokea vyuoni, na hao ndio wanaokaa kesho kwenye viti vya ofisi za umma.

Nisieleweke vibaya, simlaumu mkuu wa shule peke yake. Nilipomwuliza makamu wake jinsi jukwaa lilivyogeuka ghala, alinijibu kwa utulivu. Kwanza ilifutwa tafrija ya pamoja na shule ya wasichana, baada ya malalamiko ya mzazi mmoja. Kisha klabu ya maigizo ikakosa mlezi, kwa kuwa mwalimu aliyekuwa akiilea alihamishwa na nafasi yake haikujazwa. Kisha ikaja kambi ya kujisomea Jumamosi na Jumapili, kwa maagizo ya kupandisha ufaulu. Kisha ghala la chakula likavuja, mahindi yakahitaji mahali pakavu. "Hakuna aliyekaa akaamua kuua sanaa," alisema. Namwamini. Hivyo ndivyo mambo yanavyokufa katika taasisi zetu. Kila mmoja hutoa jiwe moja kwa sababu ya msingi, na siku ukuta unapoanguka hapatikani wa kuulizwa.

Nianze na hilo la taaluma, kwa kuwa ndilo linalotajwa kwa sauti kubwa.

Anayesema maigizo yanapoteza muda wa masomo hajafungua muhtasari wa masomo. Tamthiliya imo ndani ya masomo. Kwa miaka mingi vijana wa kidato cha nne wamesoma *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe* ya Edwin Semzaba, habari ya ofisa wa kuhesabu watu ambaye mapenzi yanamfanya aharibu kazi ya serikali. Wa kidato cha tano na sita wamesoma *Nguzo Mama* ya Penina Muhando na *Kwenye Ukingo wa Thim* ya Ebrahim Hussein. Vitabu hivi viliandikwa ili vichezwe. Tunawapa vijana, wanavisoma kimya, wanakariri "maudhui" na "fani" kutoka kwenye madondoo yaliyonakiliwa mwaka hadi mwaka, wanaandika insha, wanapata alama, na hawajaona hata onyesho moja likisimama kwa miguu yake. Tungemfundisha mtu kuogelea kwa kumsomea habari za Ziwa Singidani, angalau tungejicheka.

Nimesahihisha kazi za wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliotoka kwenye shule za aina hii. Wanajua kwamba katika *Nguzo Mama* wanawake wa kijiji wanahangaika kuisimamisha nguzo na inawashinda. Wanaweza kuorodhesha sababu sita. Ukimwuliza mmoja wao asimame, ashike fimbo, amwoneshe mwenzake namna ambavyo nguzo inaelemea upande mmoja pale mtu mmoja anapoachia, anakutazama kama aliyetukanwa. Mwili wake haujawahi kuitwa darasani. Na pale ambapo mwili haujawahi kuitwa, sauti nayo hujificha. Ndiyo maana katika semina zetu mwanafunzi huinamia karatasi na kuisoma mwanzo hadi mwisho, na akiulizwa swali hutazama dirishani.

Wako pia wa sayansi, ambao ndio wengi katika baadhi ya shule hizi. Kijana wa PCM au PCB akishamaliza kidato cha nne hakutani tena na tamthiliya darasani. Kwake klabu ya maigizo ilikuwa mlango pekee. Huyu ndiye atakayekuwa daktari wa wilaya, mhandisi wa maji, mtu ambaye kazi yake nusu nzima ni kuwaeleza watu jambo gumu mpaka walielewe. Tunamfungia mlango huo miaka miwili, kisha tunamwandalia semina elekezi ya mawasiliano akishaajiriwa, kwa posho.

Wataniambia: lakini ufaulu! Mwaka 2023, wakati wa kutangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka uliotangulia, Baraza la Mitihani liliacha kutangaza orodha ya shule kumi bora. Lilifanya vyema. Lakini orodha ile imehamia vichwani mwetu, ikakaa kwenye vikao vya maofisa elimu na kwenye makundi ya wazazi ya WhatsApp. Shule inayopandisha daraja la kwanza haiulizwi wanafunzi wake wamekuwa watu wa namna gani. Nami sidai siku nzima. Nadai saa tatu za Jumamosi moja kwa mwezi. Shule ambayo ufaulu wake utaporomoka kwa saa tatu kwa mwezi ina ugonjwa mwingine, itafute tiba yake.

Tena nchi hii haikuanza jana kulijua jukwaa. Baada ya Azimio la Arusha, serikali ilipotaka ujumbe wake ufike vijijini, ngonjera zilifundishwa mashuleni, na mtu aliyeipa sanaa hiyo sura tunayoijua, Mathias Mnyampala, alikuwa jirani yetu wa Dodoma. Mwalimu Nyerere mwenyewe, akiwa kiongozi wa nchi, alitafsiri tamthiliya mbili za Shakespeare. Ya kwanza, iliyotoka mwaka 1963, ni ile ya Julius Caesar, inayohusu kuuawa kwa mtawala. Mtawala aliyeona inafaa wananchi wake waisome hiyo kwa Kiswahili hakuliogopa jukwaa. Leo ngonjera imebaki kwenye mahafali, lakini imegeuka kuwa sifa kwa mgeni rasmi, beti baada ya beti, na ndiyo pekee isiyopunguziwa muda.

Sasa nije kwenye maadili, kwa sababu hapa ndipo wengi wanaogopa, na woga wao hauna ubaya wote.

Enzi zetu shule ya wasichana ililetwa kwa lori mara moja kwa muhula. Wao walikuja na kwaya na igizo, sisi tukawa na igizo na mdahalo, baadaye kukawa na muziki hadi saa tatu usiku, walimu wa pande zote mbili wakiwa wamekaa mlangoni. Sisemi kulikuwa peponi. Wako wenzetu waliopiga miluzi msichana alipopanda jukwaani kusema. Kulikuwa na barua za kipumbavu, na kulikuwa na mwaka ambao msichana mmoja aliacha masomo na kila mtu alinong'ona sababu, wakati mvulana aliyehusika aliendelea kula maharage bwaloni pamoja nasi. Jambo hilo silisahau, na mzazi anayesema "bora wasikutane" namwelewa.

Lakini hebu tuulize: walipoacha kukutana mbele ya walimu, waliacha kukutana? Simu zinapita juu ya uzio. Mjini kuna mabanda ya video, kuna stendi, kuna nyumba za kupanga. Tulichofuta ni ule mkutano mmoja uliokuwa na taa, wenye mwalimu mlangoni na saa ya kumalizika. Iliyobaki ni ya gizani. Na gharama ya giza tunajua anayeilipa. Ilibidi tusubiri hadi Novemba 2021 ndipo serikali iruhusu wasichana waliokatisha masomo kwa ujauzito warudi katika mfumo rasmi. Miaka yote hiyo aliyefukuzwa ni msichana. Tungetaka kweli kupambana na jambo hili, tungeanza na wavulana, na tungeanza nao mahali wanapoweza kujiona.

Mfano upo, na ni wa kwetu. Mwaka 1996 wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walianzisha mpango wa TUSEME. Wasichana wa sekondari walikaa wakachambua yanayowakwamisha, wakayatungia maigizo, wakayacheza mbele ya walimu, wazazi na viongozi, kisha wakadai hatua. Mpango huo umechukuliwa na nchi kadhaa za Afrika kupitia shirikisho la wanawake waelimishaji, FAWE. Ni miongoni mwa mambo ambayo elimu ya Tanzania imewafundisha wengine. Swali langu ni hili: yale yaliyosemwa na wasichana, ya kubugudhiwa njiani, ya kuozwa, ya kubebeshwa kazi zote za nyumbani wakati kaka anasoma, yaliwahusu nani? Waliofanya hayo wengi ni wanaume, na wanaume hao walikuwa wavulana kwanza. Tuliwajengea wasichana mahali pa kusema. Wavulana hatukuwajengea mahali pa kusikiliza wala pa kujibu.

Igizo nililoliona Singida lilikuwa jibu hilo. Vijana walilitunga bila mradi wala mfadhili. Nalo linagusa jambo ambalo hata mahakama zetu zimelishughulikia. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na Mahakama Kuu kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinakiuka Katiba. Hukumu hiyo imeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, kurasa nyingi. Vijana wale walikuwa wanaileta bwaloni kwa Kiswahili, wakiwa na khanga moja na kiti kimoja, mbele ya wazazi ambao baadhi yao wana mabinti nyumbani. Tukawakatiza.

Na kile kicheko? Katika shule ya wavulana, mwanamke wa kwenye igizo atachezwa na mvulana. Haikwepeki, na haina ubaya. Kinachoamua ni namna anavyochezwa. Mvulana anayebana pua na kujaza matambara kifuani anawafundisha wenzake kwamba mwanamke ni kitu cha kuchekesha. Mvulana anayejitahidi kusema maneno ya dada yake kwa uzito wake anajifunza, labda kwa mara ya kwanza, kuyatazama maisha kutoka upande ule. Niliwahi kucheza nafasi ya mama kwenye jukwaa lile lile. Juma la kwanza la mazoezi nilichekesha. Mwalimu wetu wa Kiswahili alisimamisha mazoezi akaniuliza, "Mama yako anatembea hivyo?" Niliona aibu ambayo haijanitoka hadi leo. Tofauti kati ya kicheko na funzo ilikuwa mwalimu yule mmoja aliyekuwepo. Klabu isiyo na mlezi huangukia kicheko, kisha wakubwa husema, "Mnaona? Maigizo yenyewe ni upuuzi."

Singida inayo hata hadithi ya kuanzia. Uwanja wa mpira wa mjini, uliokuwa ukiitwa Namfua, leo unaitwa Liti, kwa heshima ya Liti Kidanka, mwanamke wa Kinyaturu ambaye masimulizi ya mkoa yanasema aliwapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20 na kuwageuzia askari wao nyuki. Maelfu wamekaa kwenye majukwaa ya uwanja huo kutazama mpira. Niliwauliza wahitimu wanane wa mwaka huu Liti alikuwa nani. Wawili walijua kwamba alikuwa mwanamke. Mkoa wenye shujaa wa kike na wenye asali ya Manyoni na Itigi inayosifiwa nchi nzima umeshindwa kuwapa wavulana wake igizo moja juu ya mwanamke na nyuki? Wazee wanaosimulia bado wapo. Kijana aende, aulize, aandike, arudi acheze. Hiyo ni historia, ni lugha, na ni utafiti, vyote kwa bei ya nauli ya daladala.

Kuna sababu moja iliyobaki, ambayo haisemwi kwenye vikao. Jukwaa linaogopwa kwa sababu halitabiriki. Risala ya wahitimu hupitiwa na ofisi, kinachouma hugeuzwa kuwa "changamoto", na changamoto hupangwa kwa mpangilio uleule kila mwaka: uhaba wa maji, uhaba wa mabweni, ukosefu wa uzio. Igizo haliwezi kupitiwa hivyo. Unaweza kulisoma lote kwenye karatasi usione kosa, kisha mwigizaji akanyamaza sekunde tatu mahali fulani na ukumbi mzima ukaelewa.

Jirani zetu wa Kenya wametuonesha woga huo ukifika mwisho wake. Wao wana tamasha la maigizo la shule tangu mwaka 1959. Aprili 2025, wasichana wa shule ya Butere walifika Nakuru na mchezo wao *Echoes of War*, baada ya Mahakama Kuu kuamuru waruhusiwe kushiriki. Polisi waliufyatulia umati mabomu ya machozi. Wasichana waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kucheza. Niliwasikia Watanzania wengi wakisema, "Afadhali sisi, kwetu hayatokei." Hayatokei, ni kweli. Polisi wa nini kwenye jukwaa lenye magunia ya mahindi? Mkenya aliona mchezo ukizuiwa, akajua amenyimwa nini, akaenda mahakamani. Sisi tunazuia kabla ya kutungwa, kwa ratiba, kwa uhamisho wa mwalimu, kwa turubai. Hakuna wa kushtaki kwa sababu hakuna aliyeona kitu kikizuiwa.

Kabla sijamalizia, nijitaje na mimi. Nilikuwa meza kuu. Ningeweza kumnong'oneza mshereheshaji, "Waache wamalize." Mgeni rasmi alikuwa mtu wa kusikia, pengine angekubali. Sikusema. Nilipiga makofi kwa wakati ule ule na wengine, nikala pilau. Miaka ishirini nafundisha, naandika makala juu ya uhuru wa kusema, na siku niliyotakiwa kusema maneno mawili ili vijana wapate dakika kumi zaidi, nilinyamaza kwa adabu. Makala haya ni deni ninalolilipa kwa kuchelewa.

Basi ninayoyaomba ni haya, na hakuna hata moja linalosubiri bajeti ya Bunge.

Kwa wakuu wa shule: toeni magunia jukwaani. Rudisheni Jumamosi moja kwa mwezi. Igizo la mahafali lichezwe kabla mgeni rasmi hajafika, kama yeye atachelewa, na lisikatwe akifika.

Kwa maofisa elimu wa mkoa na wilaya: mnapomhamisha mwalimu anayelea klabu, ulizeni ni nani atakayeipokea, kama mnavyouliza juu ya somo la fizikia. Na mnapokagua shule, ombeni kuona onyesho moja. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa Januari 2024, unazungumzia stadi na umahiri. Onyesho la dakika ishirini litawaonesha umahiri kuliko jalada.

Kwa wakuu wa shule za wasichana na za wavulana kwa pamoja: rudisheni tafrija, lakini izaliwe upya. Ianze na kazi: igizo moja linalotungwa na shule mbili, wasichana wakicheza wanawake na wavulana wakicheza wanaume, walimu wakiwepo kuanzia zoezi la kwanza. Mvulana aliyefanya kazi na msichana kwa majuma sita juu ya mchezo mmoja ana neno la kumwambia zaidi ya mluzi.

Kwa wazazi: ulizeni matokeo, ni haki yenu. Ulizeni pia mtoto wenu amewahi kusimama mbele ya wenzake kusema nini.

Kwa sisi wahitimu wa zamani: tunaposafiri kwenda mahafali tukiwa na bahasha ya mchango wa rangi na saruji, tuongeze turubai jipya la kufunika mahindi mahali pengine.

Na kwa wewe kijana uliyejifunga khanga, ambaye sasa unasubiri matokeo ya mitihani ya Mei: sehemu ile ya mwisho bado sijaiona. Namba yangu ulichukua. Mkipata nafasi, hata chini ya mwembe, hata kwenye uwanja wa kanisa au msikiti huko kwenu, ichezeni, mniite. Nitakuja kwa nauli yangu, nitakaa chini, na safari hii sitapiga makofi mpaka yule kaka amalize kusema.

Naomba kutoa hoja.